Eli na Ari

Matungu,
20 Mei 1963

Kaka Phineas,

Mimi hapa sijambo, Bi Umi mwenye nyumba hajambo, hata jogoo wake anayenidonoa miguu kila asubuhi hajambo. Nikisikia na wewe huko Kakamega hujambo nitashukuru. Sasa tuyaache hayo, maana leo nina jambo.

Jana Mwalimu Mkuu, Mzee Dauda, alituita ofisini sisi walimu tusio na cheti. Alianza na habari mbaya. Kufika Januari, asiye na cheti hatafundisha tena. Serikali ya Uhuru haitaki walimu wa kuokoteza. Halafu akatoa habari nzuri. Chuo cha ualimu kitachukua wanawake mwaka ujao, hata sisi tulioishia darasa la nane, mradi tushinde mtihani wa Novemba. Mwisho wa kujiandikisha ni siku ya mwisho ya Agosti, kwenye ofisi ya elimu hapo Kakamega.

Hiyo ofisi si ndiyo mnayopakana nayo ukuta hapo kazini kwako? Nimejaza karatasi ya maombi, nimeitia humu pamoja na picha zangu mbili. Usizicheke. Mpiga picha wa Mumias aliniambia nisitabasamu, nikamtii, sasa nafanana na askari. Sitaki kuituma ofisini kwa posta ikapotelea kwenye meza za watu. Nataka uipeleke kwa mkono wako, mkono wa mtoto wa mama yangu.

La pili. Kwenye mtihani kuna hesabu za maumbo, na hapo ndipo roho inaponiruka. Kitabu nilicho nacho panya wamekula kurasa zote za koni na silinda, wakaniachia pembetatu. Nitafutie maswali, unitumie kila ukiandika. Wewe ulifika kidato cha pili, na mimi nilitolewa shule ili wewe ufike huko, kwa hiyo usiniambie huna nafasi.

Ukienda Kabras mwambie Mama shali lake nimeshanunua.

Ni mimi dadako,
Risper Namalwa


Kakamega,
4 Juni 1963

Dada yangu Mwalimu Risper,

Barua yako imefika salama pamoja na yote yaliyokuwa ndani yake. Picha nimeziona. Askari hana uso kama huo. Huo ni wa mkubwa wao.

Juzi tulisherehekea Madaraka hapa mjini. Ngoma zilijaa mpaka barabarani, nami nilivaa tai. Wazungu wa ofisi yetu wameanza kufunga masanduku, na kila karani anakitazama kiti cha bosi wake kama mtu anayetazama nyama ikiiva. Mimi pia natazama. Lakini hawa wakubwa wapya, mtu asiye na mke nyumbani wanamwona kijana tu. Unamkumbuka Roda, binti wa yule mzee wa Malava mwenye kinu cha kusaga? Tutazungumza siku nyingine.

Kuhusu karatasi yako ondoa shaka. Iko mkononi mwangu.

Nina rafiki ofisi ya elimu aliye na mitihani ya miaka iliyopita. Nakunakilia maswali mawili. Tangi la maji lina umbo la silinda. Kipenyo chake ni futi saba na kimo futi nane. Ujazo wake ni nini? Halafu hili: mahindi yamemwagwa chini yakafanya koni, nusu kipenyo cha kitako chake ni futi saba, kimo ni futi tatu. Ni futi za ujazo ngapi?

Tumia ishirini na mbili juu ya saba. Usimwombe Mzee Dauda akusaidie, nitajua.

Kaka yako,
Phineas


Matungu,
16 Juni 1963

Bwana Karani mwenye tai,

Tangi ni futi za ujazo mia tatu na nane. Mahindi ni mia moja hamsini na nne. Haya, nikosoe kama unaweza!

La tangi lilikuwa uji. La mahindi ndilo lililonitesa, kwa sababu nilikuwa nimesahau koni ni sehemu ya ngapi ya silinda, na ukurasa huo uko tumboni mwa panya. Sasa sikiliza nilivyofanya. Nilichukua karatasi ngumu nikaviringisha koni. Nyingine nikaviringisha silinda, mdomo sawa, kimo sawa. Nikaomba nafaka ya wimbi kwa Bi Umi. Nikajaza koni nikamimina ndani ya silinda, haikufika hata nusu. Nikamimina ya pili, bado. Ya tatu ikajaa mpaka ukingoni, hakuna punje iliyozidi. Bi Umi alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Akasema, "Wallahi umeipima kabla, mwanangu, unanichezea." Ikabidi nirudie mbele yake, na akamwita jirani, nikarudia tena. Kesho yake nikaifanya darasani, watoto wakapiga makofi.

Theluthi, kaka! Huwezi kujua nilivyofurahi. Siku zote watu wananiambia mambo na mimi naitikia tu, ndiyo mwalimu, ndiyo mzee, ndiyo kaka. Hili hakuniambia mtu. Nimeliona kwa macho yangu, na hakuna wa kunibishia.

Nina swali moja. Mzee Dauda anasema kila aliyejiandikisha hupewa namba ya mtahiniwa. Yangu ni ipi? Nataka kuiandika ukutani juu ya kitanda.

Roda namkumbuka. Ana meno mazuri. Lakini yule baba yake atataka ng'ombe mpaka ulie.

Dadako,
Risper


Kakamega,
9 Julai 1963

Risper,

Nimechelewa kwa sababu ya kazi na safari za Kabras. Majibu yako yote mawili ni sawa.

Kuhusu mambo yako usikae na wasiwasi tena. Mahari yako iko tayari. Nimekaa na wenyewe zaidi ya mara moja, wameiona picha, wamekupenda, na neno limekwisha. Mama naye amefurahi, analala usingizi mzuri sasa. Kazi yako ni kutulia huko na kupiga hesabu.

Swali la leo ni gumu kidogo. Ghala la mahindi lina ukuta wa matofali uliojengwa mviringo, na paa la mabati lenye umbo la koni. r, yaani nusu kipenyo, ni futi 10. Kimo cha ukuta ni futi 7. Paa, kutoka ukingo wa ukuta mpaka kileleni, yaani l, ni futi 6. Tafuta ghala litabeba futi za ujazo ngapi mpaka mwisho wa ukuta, na paa litataka futi za mraba ngapi za mabati. Kipande cha kufunika kingo za mabati usikihesabu.

Nijibu hili upesi.

Phineas


Matungu,
17 Julai 1963

Kaka yangu, kaka yangu Phineas,

Nimelia! Nilisoma ule mstari nikapiga vigelegele peke yangu chumbani, Bi Umi akaja mbio akidhani ni nyoka. Nikamwambia, nimepata chuo, mahali pangu pako tayari, kaka yangu amekaa na wakubwa wenyewe mpaka wamekubali! Akanishika mkono tukacheza pale pale mlangoni. Jioni akamchinja yule jogoo, akasema amenidonoa vya kutosha. Mungu akupe maisha, Phineas. Nilipotolewa shule nilikuwa na kinyongo na wewe. Sikukuambia, lakini nilikuwa nacho miaka yote hii. Leo kimeisha.

Lakini jamani, karani mzima wa serikali! "Mahari yako iko tayari"! Hebu sema polepole: ma-ha-li. Li, kama lori. Ungekuwa kwenye darasa langu la nne ningekupigia mstari mwekundu, tena miwili, kwa sababu hata ungeandika mahali vizuri, mahali huchukua "pako", si "yako". Mahali pako pako tayari. Sisi na huu ulimi wetu! Mwezi wa tano nusu ya watu wa kwetu walienda kupiga kula.

Sasa swali lako. Halina jibu. Usinune, chora uone. Kutoka ukutani mpaka katikati ya ghala ni futi kumi. Bati lenye urefu wa futi sita, hata ukililaza chali kabisa, haliwezi kufika katikati. Litaacha tundu, na mvua ya Kakamega unaijua. Kwenye koni, l lazima ipite r, siku zote, haina ubishi. Nadhani herufi zimebadilishana viti: r ni 6, na l ni 10. Ukifanya hivyo kila kitu kinakaa. Kumi mara kumi, toa sita mara sita, inabaki sitini na nne, basi kimo cha paa ni futi nane. Ghala litabeba futi za ujazo mia saba tisini na mbili. Mabati ni futi za mraba mia moja themanini na tisa kasoro kidogo. Na aliyelitunga swali aambiwe bati litokeze nje ya ukuta, la sivyo maji yatakula matofali. Mtihani hauna mvua lakini sisi tunayo.

Namba yangu bado hujaniambia.

Mimi mwenye furaha,
Risper


Kakamega,
1 Agosti 1963

Dada,

Hongera, umefanya vizuri kupita nilivyotarajia. Ni kweli, r ni sita na l ni kumi. Kosa lenyewe si langu. Aliyenisomea ni mtu wa kwetu, na ulimi wa kwetu umeutaja mwenyewe: eli kwake ni eri, na ari kwake ni ali. Nami nikaandika nilivyosikia. Tulicheka sana. Hilo la bati kutokeza nje amelisifu, amesema ni akili, litaongezwa.

Namba hutolewa baadaye. Usiwe mtu wa haraka.

Desemba uje nyumbani mapema, Uhuru usikukute huko Matungu. Ushone gauni jipya. Jeupe litakupendeza.

Phineas


Matungu,
8 Agosti 1963

Kaka Phineas,

Barua yako nimeisoma mpaka imelegea. Kuna kitu kinanisumbua na nitakuuliza wazi.

Mtihani wa zamani umepigwa chapa. Mtu anayenakili kutoka kwenye karatasi hutumia macho, na macho hayana ulimi. Karatasi haisemi eri. Sasa huyo aliyekusomea ni nani, na alikuwa akisoma kutoka wapi?

Na bati litaongezwa wapi? Swali la mtihani haliongezwi bati, kaka. Hakuna fundi anayepanda juu ya swali.

Pengine nafikiri sana. Bi Umi anasema nimezidi kukaa peke yangu na hizi koni. Nijibu tu nitulie: nani anajenga ghala, na namba yangu ni ipi?

Risper


Matungu,
24 Agosti 1963

Kaka,

Hujajibu. Mwezi unakwisha. Ningekuja mwenyewe, lakini Mzee Dauda amelazwa na nimeachiwa madarasa mawili. Sitaki habari ndefu. Karatasi yangu uliipeleka, au hukuipeleka? Neno moja linanitosha. Nakuomba.

Risper


Kakamega,
31 Agosti 1963

Risper,

Kila kitu kiko sawa. Mwamini kaka yako.

Phineas


Lubao,
15 Septemba 1963

Kwa Bibi Risper Namalwa,

Sarama nyingi sana. Jina rangu ni George Masinde, msimamizi wa mafundi wa majengo hapa Kakamega. Najua kaka yako amekuereza habari zangu zote, na najua si desturi mwanamume kumwandikia msichana kabra ya siku yenyewe. Nimeshindwa kunyamaza, nisamehe.

Ghara letu limekwisha. Niritaka nyumba yako iwe na ghara ambaro hakuna mtu hapa Lubao anaro. Mafundi wangu waritaka kukata mabati kwa kukadilia, nikasema hapana. Kaka yako anasemanga yeye ni mtu wa hesabu, basi nikamsomea vipimo akaandika, ali na eri, na baadaye akaniambia ukweri, kwamba hesabu yote umeipiga wewe mwenyewe kwa mkono wako. Nirifulahi kupita kiasi. Niriwaambia mafundi, mnaona, bibi yangu anajenga nyumba yake kutoka mbari.

Ng'ombe warifika kwa kaka yako mwezi wa saba, wote wazima. Aliponisomea barua yako, kwamba uripopata habari uripiga vigeregere na jogoo akachinjwa, nirimshukuru Mungu. Mimi ni mtu mzima. Mke wangu wa kwanza arikufa, na sikudhani kwamba kuna mtu angenipigia vigeregere tena. Picha yako naiweka ndani ya Bibilia.

Ukija Desemba, tutaanza pamoja na nchi.

Ni mimi mwenye heshima,
George Masinde


Matungu,
23 Septemba 1963

Bwana George Masinde,

Barua yako imefika, na heshima iliyomo nimeiona. Nitakujibu kwa heshima hiyo hiyo.

Sikukubali kuolewa na wewe. Sikukataa pia. Sikuulizwa. Jina lako nimelisoma kwa mara ya kwanza kwenye barua yako. Kaka yangu aliniambia mambo yangu yako tayari, nikaelewa ni nafasi yangu ya chuo cha ualimu, na vigelegele ulivyosikia nilipigia chuo. Ghala nililihesabu nikidhani ni swali la mtihani. Picha uliyo nayo nilipiga kwa ajili ya karatasi ya kujiandikisha.

Naumia kwako, Bwana Masinde, kwa sababu naona wewe pia ulisomewa barua nusu. Lakini siwezi kuwa mke wako kwa kosa la masikio. Tafadhali itoe ile picha kwenye Bibilia, unirudishie. Kuna mahali ilikuwa inakwenda.

Risper Namalwa


Kakamega,
5 Oktoba 1963

Risper,

Umenivunjia heshima mbele ya watu. George amekuja ofisini kwangu, mtu mkubwa kama yule, akasimama mbele ya makarani akiwa na barua yako mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliniambia anataka ng'ombe wake, akaondoka.

Sasa nisikilize. Baba alipokufa nani alibaki? Mimi. Ni mimi niliyekuwa baba yako, na baba hana haja ya kuomba ruhusa kwa mtoto. George ana kazi, ana nyumba ya matofali, hanywi, hapigi mtu. Ningekuuza kwa mlevi ungekuwa na neno. Mwenzako yeyote wa Kabras angenipigia magoti. Wewe unataka chuo! Utasoma mpaka lini? Ukipata hicho cheti utakuwa na miaka mingapi, na nani atakuchukua?

Tena usiwaambie watu kwamba nilikudanganya. Chukua barua yangu ya Julai uisome tena. Niliandika wazi, mahari yako iko tayari. Mahari. Kama wewe mwalimu uliamua kusoma neno jingine, hilo ni lako.

Karatasi yako ya maombi ninayo. Sikuichana. Nilisema iko mkononi mwangu, na iko.

Risper, nikuambie ukweli sasa, kama ndugu. Ng'ombe hawako. Nilipeleka wote kwa baba yake Roda, na yeye amewapeleka kwingine kumwozesha mwanawe. Hawarudishiki. Roda yuko kwangu, ana mimba. Usipokuja, George atanishtaki, baba yake Roda atamchukua binti yake, na kile kiti nilichoahidiwa ofisini hakitanipita tu, kitanicheka. Mama hajui lolote. Anajua umekubali, anashona. Je, utamfanya Mama alie siku ya Uhuru?

Njoo tu. Ukishafika utamzoea. Nakuomba kwa jina la baba.

Kaka yako,
Phineas


Matungu,
8 Desemba 1963

Phineas,

Nimekawia kukujibu kwa sababu nilitaka hasira ipungue. Haijapungua, nakuandikia nayo.

Novemba, Mzee Dauda aliporudi kazini, nilipata ruhusa nikaja Kakamega. Hukuniona kwa sababu sikutaka unione. Niliingia ofisi ya elimu, nikapita mlango wako ukiwa wazi, nikakuona mgongo. Ulikuwa umevaa tai. Kwenye dirisha la mitihani nilitaja jina langu, karani akatafuta, akatafuta tena, akaniuliza kama nina hakika niliomba. Unajua nilimjibu nini? Nilisema pengine karatasi ilipotea. Nilikufichia aibu, Phineas, mbele ya mtu nisiyemjua, na hata sasa sijui kwa nini. Watahiniwa walikuwa uani wakinoa penseli zao. Mmoja alikuwa akiwauliza wenzake koni inagawanywa kwa ngapi, na hakuna aliyekuwa na hakika. Nikamwambia tatu. Nikaondoka.

Nilipitia Lubao. Sikuingia, nilisimama barabarani tu kama mtu anayengoja basi. Ghala liko pale. Limekaa vizuri, mabati yamekutana kileleni bila tundu, na yametokeza nje ya ukuta kama nilivyosema. Maji hayatayafikia matofali. Nililitazama mpaka machozi yakanitoka, maana hiyo ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya na ulinifanyisha nikiwa nimefumba macho. Furaha yangu yote ya mwaka huu, zile jioni nilizokaa na karatasi nikicheka peke yangu, zote ulizitumia kunijengea kizimba.

Bwana Masinde amenirudishia picha. Ameifunga kwa karatasi safi, akaandika nyuma, "Samahani, sikujua." Ameandika kwa usahihi, kila herufi mahali pake. Nadhani alimwomba mtu amsaidie. Huyo ni mtu niliyemuumiza bila kumjua, na wewe ndiye uliyenipa fimbo.

Januari sina kazi. Watoto wangu wa darasa la nne watapata mwalimu mwingine. Bi Umi amesema chumba ni changu, nimsaidie kuuza mandazi sokoni mpaka watakapofungua tena kujiandikisha. Karatasi mpya nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu yangu. Mama nimemwandikia kila kitu. Kama atalia siku ya Uhuru, alie akijua anachokililia.

Unaniomba nije. Nilikuambia habari ya lile wimbi, unakumbuka? Nilipotolewa shule ili usome, hiyo ilikuwa koni ya kwanza, nami nikamimina bila kusema. Mtihani wangu ukawa koni ya pili. Sasa umeinua mkono unataka na mimi mwenyewe ili chombo chako kijae. Hapana. Hiyo ya tatu sikupi.

Na umeniambia niisome tena barua ya Julai. Nimeisoma. Una haki. Haina kosa, si la herufi wala la sarufi. "Mahari yako iko tayari", ni Kiswahili safi kabisa. Mimi ndiye niliyechukua kalamu nyekundu nikaisahihisha, kwa sababu ulimi wa kwetu naujua na kaka yangu nilidhani namjua. Wewe uliyasoma masahihisho yangu. Uliniona nikicheka, nikikushukuru, nikikusamehe kinyongo cha miaka. Ukanyamaza. Halafu barua hiyo hiyo ukamsomea mwanamume kama ushahidi.

Mahari uliipokea wewe, basi irudishe wewe. Mahali pangu nitapatafuta mwenyewe.

Risper Namalwa